Mshahara wa Mbunge na Mshahara wa Mwalimu Kufungwa Kamba Moja



Ndugu zangu, Ijumaa ya wiki iliyopita, baada ya Swala, kijana mmoja alinisubiri penye viatu. Ni mwalimu wa shule ya umma, sekondari msingi. Mwaka 2024 alikuwa mwanagenzi, wale walioajiriwa kwa mkataba wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na makato yakishatolewa mkononi yanabaki elfu kumi na saba na kitu. Akaniuliza: "Maalim, ingekuwaje mshahara wa mbunge ukafungwa na wangu? Wangu ukipanda na wake upande, wangu ukisimama na wake usimame. Dini yasemaje?"

Nilimwambia anipe wiki moja. Nilidhani ni jambo la kujibu kwa maneno mawili. Nilipofungua vitabu na kukumbuka yale tuliyoyaona kwa macho yetu hapa Kenya, nikaona jawabu ni refu, na si lake peke yake. Kaa nami kidogo usome.

Tuanze Madina, mwaka wa 11 Hijria, yaani 632. Mtume (s.a.w.) amefariki na Abubakar Siddiq (r.a.) amepewa ukhalifa. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Imepokewa kuwa kulipokucha alitoka na vitambaa vyake begani akielekea sokoni kama desturi yake. Njiani akakutana na Umar na Abu Ubaida (r.a.). Wakamuuliza yuaenda wapi. Akasema sokoni. Wakastaajabu: utauza nguo nawe umebebeshwa mambo ya Waislamu? Naye akawauliza swali la kila mwenye mke na watoto: wa nyumbani kwangu watakula nini?

Hapo ndipo mshahara wa kwanza wa kiongozi katika tarehe yetu ulipopangwa. Tazama ulivyopangwa. Hakuulizwa yeye mwenyewe ataka kiasi gani. Wala hawakutuma mtu aende akachunguze Kisra wa Uajemi analipwa nini, au Kaisari wa Rumi, ili wa kwao asipungukiwe na heshima. Walitafuta kipimo, na kipimo walichokichukua ni mtu: riziki ya mmoja katika Muhajirina, asiye wa juu yao na asiye wa chini yao, pamoja na nguo ya baridi na nguo ya joto. Nguo ikichakaa airudishe apewe nyingine.

Simama hapo, ndugu yangu, usipite haraka. Ukimpangia kiongozi dirham kadhaa, bei ya tende ikipanda atakuja kuomba nyongeza, na bei ikishuka hatakuja kurudisha kitu. Lakini ukimfunga na mtu wa kati, Muhajiri wa kati akibanwa na khalifa amebanwa, na Muhajiri akipata nafuu na khalifa amepata. Hakuna haja ya kikao kila mwaka. Na alipokuwa akifariki, Abubakar aliagiza kila kilichozidi katika mali yake tangu aushike ukhalifa kirudishwe kwa atakayemfuata. Kilikuwa kitu kidogo. Umar alipoletewa alilia, akasema kwa maana ya kuwa Abubakar amewachosha wote watakaokuja baada yake.

Umar naye akachukua kipimo kile kile. Aliwaeleza watu waziwazi kilicho halali kwake katika mali ya umma: nguo mbili za mwaka, mnyama wa kumpeleka Hija na Umra, na chakula chake na cha ahali zake kama cha mtu wa kati katika Maquraishi. Baada ya hapo yeye ni Muislamu kama wengine, linalowapata ndilo litakalompata. Katika mwaka wa Ramada, mwaka wa 18 Hijria, njaa ilipoingia Hijazi, akaacha samli na nyama mpaka watu wazipate. Alikula mafuta ya zeituni hadi rangi yake ikabadilika.

Kuna kisa kingine nakipenda sana. Baadhi ya Masahaba wakubwa waliona Umar anaishi kwa dhiki, wakataka kumwongezea. Waliogopa kumkabili, wakamwendea binti yake, Hafsa (r.a.), ambaye ni Mama wa Waumini, wakamwomba amwambie asiwataje majina. Hafsa akafikisha. Umar akakasirika, akataka kuwajua ni nani hao. Kisha akamuuliza binti yake: wewe uliishi na Mtume, niambie nguo yake bora ilikuwa ipi, chakula chake bora kilikuwa kipi, na tandiko lake lilikuwa lipi. Hafsa akawa anataja kimoja kimoja. Nyongeza ikaishia hapo.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi zama zile watu wote walilipwa sawa. Abubakar alikuwa akigawa sawa kwa sawa, lakini Umar alipoanzisha diwani aliweka madaraja, waliotangulia katika Uislamu na waliopigana Badri wakapata zaidi ya waliokuja nyuma. Na Abu Ubaida huyo huyo, imepokewa, alimshauri Umar kuwa akiwatumia watu katika kazi awape cha kuwatosha, wasije wakafanya khiyana. Kwa hiyo hoja ya wabunge wetu, kwamba anayelipwa vibaya ataiba, si hoja ya kuchekwa. Ina asili. Tutairudia.

Na mwalimu je? Imepokewa kuwa Madina palikuwa na walimu watatu wakisomesha watoto, na Umar akimlipa kila mmoja dirham 15 kwa mwezi. Baadaye Umar bin Abdulaziz, aliyetawala kuanzia 717 hadi 720, alituma wanavyuoni kwenda kufundisha watu wa majangwani, akawawekea riziki. Mmoja akapokea, mwingine akakataa kuchukua malipo kwa elimu, naye khalifa hakumlaumu yeyote kati yao. Mimi ni katika kundi la wanaopokea, nakiri mapema. Kamati ya msikiti ikichelewa, mke wangu anajua kabla yangu.

Basi shuka nami sasa mpaka hapa kwetu, maana kijana yule hakuniuliza habari za Madina tu.

Chama cha walimu, KNUT, kiliundwa 1957, bado tuko chini ya mkoloni. Wakati huo mwalimu wa shule ya misheni ana mwajiri wake na mwalimu wa baraza la mtaa ana wake, na malipo ni mbalimbali. Walimu walidai mwajiri mmoja, na mwaka 1967 ikapitishwa sheria iliyounda tume yao, TSC. Tangu hapo mwalimu wa Lamu na mwalimu wa Kisumu wakawa na mwajiri mmoja.

Nenda moja kwa moja hadi Oktoba 1997. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba. Walimu wakagoma nchi nzima, katibu mkuu wao akiwa marehemu Ambrose Adongo, na serikali ya Rais Moi ikakubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, ilipwe kwa awamu tano katika miaka mitano. Ikachapishwa katika gazeti rasmi la serikali kama Ilani ya Kisheria nambari 534 ya mwaka 1997. Ikumbuke nambari hiyo. Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ukapita. Kisha walimu wakaambiwa hazina haina kitu. Wakagoma tena Oktoba 1998, wakagoma tena 2002, na deni lile likaendelea kulipwa vipande vipande mpaka utawala wa Kibaki.

Wakati huo huo, upande wa pili, mwaka 1999 Katiba ilirekebishwa ikaundwa Tume ya Huduma za Bunge. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: Bunge lisiwe chini ya mkono wa Rais. Lakini mkono ulioandika malipo na mkono ulioyapokea sasa ukawa wa mwili mmoja. Kufikia mwisho wa Bunge la 10, mbunge alikuwa akipokea takriban shilingi 851,000 kwa mwezi. Katika hizo, 200,000 tu ndizo zilizoitwa mshahara na kutozwa kodi. Zilizobaki ziliitwa marupurupu, na marupurupu hayakuguswa na kodi. Mwalimu wa darasa la kwanza alikatwa kodi kabla hajauona mshahara wake.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuliziba hilo. Kifungu cha 210 kikasema hakuna sheria itakayomwondolea ofisa wa dola kodi kwa sababu ya cheo chake. Kifungu cha 230 kikaunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, na kuipa kazi ya kupanga malipo ya maofisa wa dola, wabunge wakiwemo, na kutoa ushauri juu ya watumishi wengine wa umma, walimu wakiwemo. Na kifungu cha 116 kikasema sheria inayowapa wabunge faida ya moja kwa moja ya kifedha isianze kutumika mpaka uchaguzi mkuu unaofuata. Ukisoma vifungu hivyo utasema mambo yamekwisha.

Hayakuisha. Septemba 2012 walimu waligoma wiki tatu. Walirudi madarasani, na chaki hazijakauka mikononi, Oktoba, usiku, wabunge wakajipitishia kiinua mgongo cha shilingi milioni 9.3 kila mmoja. Rais Kibaki, Mungu amlipe kwa hilo, alikataa kutia sahihi, akasema ni kinyume cha Katiba na nchi haiwezi. Januari 2013, Bunge likiwa linavunjwa, wakapitisha tena, safari hii pamoja na mlinzi mwenye silaha, pasipoti ya kidiplomasia na mazishi ya kitaifa. Kibaki akakataa mara ya pili. Mimi sikuelewa, na mpaka leo sijaelewa, mtu anayejitungia sheria ya mazishi yake anafikiria nini juu ya kaburi.

Likaja Bunge jipya. SRC, ikiongozwa na Bi Sarah Serem, ikaweka mshahara wa mbunge kuwa shilingi 532,500. Waheshimiwa wakawaka moto. Mwezi wa Mei wananchi waliandamana Nairobi wakawamwaga nguruwe na damu mbele ya lango la Bunge. Sisi watu wa Pwani tulitazama picha zile kwa masikitiko mara mbili, kwa ajili ya pesa na kwa ajili ya wanyama wenyewe. Haikusaidia. Tarehe 28 Mei 2013 wabunge walipiga kura kufuta ilani za tume. Mwezi wa Juni wakapatana: mshahara ubaki 532,500, lakini kila mmoja apewe milioni 5 za gari, na malipo ya safari na ya vikao juu yake. Kilichopunguzwa mlangoni kikaingia dirishani.

Tarehe 25 mwezi huo huo wa Juni, walimu waligoma. Unajua walidai nini? Marupurupu ya nyumba, ya matibabu na ya usafiri, yaliyotokana na ile Ilani nambari 534 ya 1997. Miaka kumi na sita. Mtoto aliyezaliwa siku ilipochapishwa alikuwa yuko sekondari. Serikali ikasema hakuna pesa.

Sikuletei habari hizi ili umchukie mbunge wako. Wengine ni watu wema, na nawajua wanaolipia karo za mayatima bila kupiga picha. Nakuletea ili uone kitu kimoja. Katika wiki zile zile, Bunge lile lile, hazina ile ile, pesa zilipatikana kwa upande mmoja na hazikupatikana kwa upande wa pili. Waliokuwa wakiamua hawakuwa wamefungwa popote na wale waliokuwa wakingoja.

Mwaka 2015 nililiona kwa karibu zaidi. Mwisho wa Juni mahakama ya masuala ya ajira iliwapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Serikali ikasema haiwezi na hailipi. Kuanzia Septemba mgomo ukaendelea takriban wiki tano. Sisi madrasa yetu ni ya alasiri. Wiki ile ya kwanza saa mbili asubuhi nilikuta watoto wamekaa barazani na juzuu zao, wala sikuwa nimewaita. Mama zao walikuwa wamekwenda kazini, wakaona bora wawe msikitini kuliko mabarabarani. Tukawasomesha asubuhi na alasiri, mimi na wenzangu wawili. Wa darasa la nane walikuwa wakaribia mtihani wa taifa. Mmoja akaniletea kitabu cha hesabu nimfundishe sehemu asiyoielewa, nami nikaitazama ile sehemu, nikamtuma kwa mwalimu wake, aliyekuwa nyumbani kwake mtaa wa pili akichimba bustani. Mwezi wa Novemba Mahakama ya Rufaa ikaifuta ile nyongeza. Watoto wa wabunge sikuwaona barazani kwangu, wala sikutarajia kuwaona.

Ya baadaye nayapita haraka. Mwaka 2019 wabunge walianza kulipwa shilingi 250,000 kwa mwezi za nyumba, tena zikahesabiwa tangu Agosti 2018. SRC ikaenda mahakamani, na Desemba 2020 Mahakama Kuu ikasema ni kinyume cha sheria, zirudishwe. Na mwaka 2024, vijana kama huyu wangu wakilipwa 20,000, mshahara wa mbunge ulikuwa 725,502. Gawanya mwenyewe: mbunge mmoja ni wanagenzi 36, na kitu kinabaki. Nyongeza nyingine ya wabunge iliyokuwa ianze Julai mwaka huo ilisimamishwa baada ya vijana kujaa mabarabarani mwezi wa Juni.

Sasa tulirudie swali lake. Je, wafungwe kamba moja?

Wazo lenyewe si geni duniani. Ufaransa, tangu 1958, malipo ya mbunge yamefungwa na ya maofisa wa ngazi za juu kabisa serikalini. Wakubwa wamefungwa na wakubwa, lakini ni kamba. Alabama, huko Marekani, wapiga kura waliamua mwaka 2012 mshahara wa mbunge wa jimbo ufungwe na kipato cha kaya ya kati ya jimbo. Hicho kimekaribia kabisa kile kipimo cha Abu Ubaida, na sidhani kama walimsoma.

Kwa nini mwalimu, asiwe daktari au askari? Fikiria idadi. Wabunge wetu, Bunge la Taifa na Seneti, ni 416. Walimu wa TSC ni zaidi ya 300,000. Kuwaongezea watu 416 ni jambo dogo kwa hazina, ndiyo maana hufanyika usiku mmoja. Kuwaongezea watu 300,000 ni jambo kubwa, mpaka pesa itafutwe kweli, matumizi mengine yakatwe, wizi uzibwe. Ukiwafunga pamoja, mbunge anayetaka nyongeza yake italazimu kwanza aitafute ya mwalimu. Ataanza kuuliza pesa za umma zinavujia wapi, na ataiuliza kwa bidii, maana ni zake. Na nchi ikiwa kweli haina, basi ataonja kutokuwa nayo, kama Umar alivyoiacha samli.

Na ile hoja ya Abu Ubaida, kwamba mtumishi apewe cha kumtosha? Naikubali, na sisemi mbunge apate sawa na mwalimu. Ana safari, ana wageni mlangoni kila siku, harambee, matanga. Apewe mara nne, mara tano, kiasi kitakachokubaliwa, lakini ile hesabu ya mara ngapi iandikwe mara moja isiguswe. Kisha nakuuliza, mbona hoja hii haisemwi kwa mwalimu? Naye ana amana mkononi. Ana mtoto wako saa nane kwa siku.

Ila kuna mtego, na historia yetu yote niliyokusimulia ni ya huo mtego. Ukifunga mshahara peke yake, utakuwa umefunga mlango ukaacha dirisha. Ile 200,000 na ile 651,000. Ile 532,500 na yale magari. Zile za nyumba. Kila mara neno "mshahara" lilipobanwa, neno "marupurupu" lilinenepa. Kamba hii ikifungwa, ifungwe kwa jumla ya kila kinachoingia mfukoni, liwe na jina gani. Abubakar hakuwa na posho ya kikao.

Basi Ijumaa hii kijana alikuja, nikamkuta pale pale penye viatu. Nikamwambia sijaona katika dini kinachozuia jambo lako, na nimeona katika mwenendo wa wema waliotangulia kinachofanana nalo sana. Akafurahi. Kisha akaniuliza la pili, ambalo ndilo gumu: "Na nani ataipitisha, Maalim, kama si wao wenyewe?"

Nikamwambia kuna kifungu cha 257 cha Katiba. Wananchi wanaweza kuanzisha mageuzi ya Katiba wakikusanya sahihi za wapiga kura milioni moja, yapelekwe mabunge ya kaunti, na kaunti nyingi zikikubali yaende Bunge. Bunge likikataa, swali linarudi kwa wananchi kwa kura ya maoni. Mwaka 2019 mswada wa Punguza Mizigo ulipita njia hiyo, ukitaka mbunge alipwe 300,000 na mwakilishi wa wadi 150,000, na ukaangukia kwenye kaunti, mikononi mwa hao hao wawakilishi wa wadi.

Akanyamaza. Akainama akavaa viatu vyake, akapiga hesabu kimoyomoyo, akaniuliza milioni moja ni misikiti mingapi ikijaa. Nikamwambia nitazame msikiti wangu kwanza, ukijaa ni watu mia sita. Akacheka. Alikuwa na kipindi saa nane, akaondoka mbio.

Wassalaam.